Kuipambanua Sauti ya Kuundwa: Mwongozo kwa Msomaji wa Mlabani

Msimu wa mavuno unapowadia katika bonde la Kilombero, magunia ya mpunga yanapopangwa kwenye mashine za kukoboa za Ifakara na wanunuzi wa Morogoro na Dar es Salaam wanapopita huku na huko juu ya daraja lililochukua mahali pa kivuko cha zamani, fedha nyingi huhama kwa simu katika muda mfupi, na neno linaloziamuru kwenda huku au kule aghalabu ni la mdomo: simu iliyopigwa, au ujumbe wa sauti uliotumwa na mtu ambaye mpokeaji anaijua sauti yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kata ya Mlabani mjini Ifakara, na wa kata jirani za Kibaoni, Lipangalala na Viwanja Sitini, anayetaka kujua afanyeje iwapo sauti anayoijua haikutoka katika kinywa anachokijua. Vile vile ni kwa ajili ya kijana mwenye kompyuta mpakato na bando la kutosha, anayetamani kuifundisha mashine kazi hiyo ya kupambanua.

Hila ya simu si ngeni kwetu. Ule ujumbe wa maandishi unaotaka ile hela itumwe kwenye namba nyingine umewafikia Watanzania wengi hata umegeuka mzaha, na mzaha huo wenyewe umekuwa kinga: asomaye hucheka, akaufuta. Sauti haijapata kinga ya namna hiyo, kwa sababu tangu zamani mtu amezoea kuihesabu sauti ya mwanawe au ya mshirika wake wa biashara kuwa ni ithibati tosha ya nafsi yake. Lakini mwaka 2016 kampuni ya DeepMind ya London ilitoa WaveNet, programu iliyounda usemi punje kwa punje ukakaribia ule wa mwanadamu. Na mwaka 2023 watafiti wa Microsoft wakaeleza VALL-E, iliyoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikilizishwa sampuli ya sekunde 3 tu, muda usiotosha kumaliza maamkizi ya asubuhi. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja ya nishati ya Uingereza alitoa yuro 220,000 kwa kudhani anasema na bosi wake wa Ujerumani, na Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti ya kughushi ya Rais Biden ikiwataka wakae nyumbani. Haya yalitokea mbali, ila zana zilizoyatenda hazina mpaka.

Nianze na yale yasiyohitaji mashine, kwa kuwa ndiyo yatakayokufaa mara nyingi zaidi, na kwa kuwa wauza mashine hawana haraka ya kuyataja. Tuseme wewe ni mhazini wa kikundi cha akiba, na saa mbili usiku unapokea ujumbe wa sauti: “Shikamoo mama, ni mimi, simu yangu imezima chaji, natumia ya rafiki yangu, nitumie laki tatu kwenye namba hii sasa hivi, nitakueleza nikifika.” Sauti ni ya mwanao, hata kikohozi chake kimo. Usiijibu namba hiyo. Piga namba yake ya siku zote. Isipopatikana, piga ya mkewe, ya jirani yake, ya mwenzake wa kazini. Na ikiwa hapatikani hata mmoja, usimwendee wakala usiku huo, fedha na zilale zilipo hata asubuhi.

Ukimpata hewani na shaka ingalipo, geuza lugha: mwulize kwa Kipogoro, au Kindamba, au Kihehe, kwa kadiri mnavyosemezana nyumbani. Programu za kuunda sauti zimelishwa Kiingereza kwa wingi, Kiswahili kwa kiasi, na lugha za bonde hili kwa uchache mno. Na tapeli mwenyewe, aliyejificha nyuma ya sauti ya mwanao, huenda hajapata kuuona Mto Kilombero. Ama wakulima wanaohamia mashambani msimu wa kilimo, wakakaa kwenye vibanda na madungu ya kulindia mpunga mahali ambapo mtandao hutafutwa juu ya kichuguu na kitochi huzimwa mchana kutwa ili kuokoa chaji, hao hawawezi kupigiwa kila saa, na kwa hiyo yawapasa wapatane na walio nyumbani, kabla ya kuondoka, juu ya swali moja na jibu lake, lisiloandikwa popote wala kutumwa kwa simu. Namba iliyoleta hila ipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kuripoti matapeli. Na kama fedha zimekwisha kutoka, wapigie kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wako, kwa kuwa muamala huzuilika dakika za mwanzo, kisha ndipo uende polisi.

Wengi hupenda kupewa dalili za kusikiliza kwa sikio tupu: pumzi isiyovutwa kabla ya sentensi ndefu, shadda iliyoanguka mahali pasipo pake, jina kama Mang'ula likitamkwa na mtu ambaye ng' yake ni ya kujifunza, au kimya baina ya maneno kilicho kitupu mno, pasipo hata mvumo wa chumba. Dalili hizi ni za kweli, lakini mimi sizipi uzito mkubwa, kwa sababu kila toleo jipya la programu huziba pengo moja au mawili. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London walipowapima watu mwaka 2023, kwa Kiingereza na kwa Kichina, waliona kwamba wasikilizaji waliibaini sauti ya kuundwa mara 73 katika kila 100, na hata waliopewa mifano ya kujifunzia kabla ya mtihani hawakuwapita wenzao kwa mengi. Robo nzima na zaidi ilipita, na hao ni watu waliokaa kitako wakijua kwamba wanajaribiwa.

Hapo ndipo mashine inapotakiwa. Na jambo la kwanza kwa atakayeitumia ni kuhifadhi amana iliyomfikia. Ujumbe wa sauti uweke kama ulivyokuja, faili lenyewe, pamoja na namba, tarehe na saa. Usiucheze kwa spika ya simu moja huku ukiurekodi kwa simu nyingine, kama wafanyavyo wengi wakitaka kuwasikilizisha jamaa, kwa maana spika ndogo ya simu na mwangwi wa chumba hufuta zile alama hafifu ambazo mashine ilikuja kuzitafuta, na kilichokuwa ushahidi hugeuka uvumi.

Mashine husikilizaje? Jibu la swali hili limo Ifakara yenyewe, wala si kwa habari za matapeli, bali za mbu. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi chini ya Rudolf Geigy, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford katika mradi uitwao HumBug, ambao muradi wake ni kuzitambua jamii za mbu kwa mlio wa mabawa. Mbu wa bondeni walikamatwa wakawekwa katika vikombe wakarekodiwa. Baadaye simu janja za bei nafuu zikatiwa katika mifuko iliyoshonwa kwenye vyandarua, zikasikiliza usiku. Mkusanyo uliotolewa mwaka 2021 kwa jina la HumBugDB una saa 20 za rekodi, na saa 18 kati yake zina maelezo ya jamii 36 za mbu. Asiyeamini kwamba simu ya kawaida yaweza kupambanua kisichopambanuka kwa sikio, basi ithibati imetoka kwenye vyandarua vya bonde hili.

Kanuni ni ile ile kwa mbu na kwa mwanadamu. Sauti hukatwa vipande vifupi vya sehemu 20 hadi 25 za elfu ya sekunde, kila kipande kikapandiana kidogo na mwenzake. Kwa hisabati ya Fourier hupimwa nguvu iliyomo katika kila kiwango cha mtetemo, kutoka mzito hata mwembamba. Na vipimo hivyo, vikipangwa mstari baada ya mstari, huwa picha iitwayo spektrogramu, ambayo mtandao wa neva huisoma kama usomavyo picha nyingine yoyote. Tafauti ni kwamba mbu hutafutwa katika mvumo wake wenyewe, ilhali sauti ya kuundwa hutafutwa katika mabaki ya kazi: programu inayogeuza vipimo kuwa mawimbi, ambayo mafundi huiita vokoda, huacha ulinganifu usio wa kawaida, na mara nyingi huuacha juu, kwenye mitetemo myembamba ambayo sikio letu haliijali sana. Ndiyo sababu vipimo vilivyonyoshwa sawasawa toka chini hata juu, vijulikanavyo kwa ufupi wa LFCC, vimefaa zaidi katika kazi hii kuliko vile vilivyobanwa juu ili kufuata tabia ya sikio.

Lakini angalia taathira yake kwetu. Simu ya kawaida ya sauti, ile ya kitochi, hupitisha mitetemo kati ya hezi 300 na 3,400 hivi na kuitupa mingine yote. Yaani hukata juu, pale pale yalipo mabaki. Mashine iliyofaulu kwa rekodi safi za studio huletewa simu iliyopigwa kutoka ng'ambo ya mto, nayo hubaki kama iliyofungwa macho. Mashindano ya kimataifa ya ASVspoof, ya kunasa sauti za kughushi, yaliyoanza mwaka 2015 na kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, yaliliona jambo hili, na katika duru ya 2021 rekodi zikapitishwa kwanza kwenye njia za simu. Hata hivyo wasemaji wa duru ile, sawa na wa ile ya 2019 iliyokuwa na wasemaji 107, ni wasemaji wa Kiingereza. Basi mashine nyingi utakazozikuta zikisifiwa zimepata elimu yake kwa Kiingereza na kwa chumba kimya, na kumtaka shahidi wa namna hiyo aape juu ya sauti ya bibi wa Mlabani aliyesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kipogoro, mvua ikipiga bati juu yake, ni kumtwika asichokishuhudia. Huenda akaiita bandia kwa sababu tu ni ngeni kwake.

Tena kuna hila nyingine, iliyo ndani ya mashine yenyewe, nami nitakaa juu yake kidogo kwa kuwa imewatia haya mabingwa. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliichunguza mikusanyo ya ASVspoof wakagundua kwamba urefu wa kimya kilichotangulia maneno ulitafautiana baina ya rekodi za watu na rekodi za kuundwa. Na mashine, isiyokuwa na wajibu wa kutafuta haki bali kupunguza makosa tu, ilikuwa imejifunza kwa sehemu kukipima kimya badala ya sauti. Kimya kilipokatwa, makosa yaliongezeka sana. Yeyote atakayejenga mashine yake Ifakara atakutana na jambo hilo hilo kwa sura ya nyumbani: akirekodi majirani zake karibu na mashine ya kukoboa na kando ya njia ya bajaji, kisha akaunda sauti bandia ndani ya kompyuta pasipo kelele yoyote, mashine itajifunza kwamba penye bajaji pana mtu, na tapeli wa kwanza atakayeweka mlio wa bajaji nyuma ya sauti yake atapita salama.

Basi ukikusudia kujenga, anza na watu. Wasemaji 40, kila mmoja dakika 10, hukupa karibu saa 7, na kwa mwanzo zinatosha: wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, waliozaliwa bondeni na waliohamia kutoka Iringa, Songea au Usukumani, kwa sababu Ifakara ni mji wa wahamiaji na sauti yake si moja. Warekodi wakisema yao wenyewe, bei ya mpunga, safari ya Mlimba, habari za msiba, wala usiwasomeshe karatasi tu, kwani mtu asomaye husema kwa mwendo ulio karibu na wa mashine. Ongeza kutoka Common Voice, mkusanyo wa wazi wa Mozilla ambao Kiswahili kiliingizwa kwa juhudi kubwa mwaka 2021. Kisha unda bandia za wasemaji hao hao, kwa programu tatu au nne zisizofanana, ili mashine isije ikadhani kwamba tafauti ya mtu na mtu ndiyo tafauti ya kweli na uongo. Halafu pitisha zote, za kweli na za uongo, katika njia zile zile: WhatsApp, simu ya kawaida, spika, kelele, mvua. Njia iliyopitiwa na upande mmoja tu, itoe.

Ridhaa ni lazima, na hapa Ifakara watu wanaijua vyema kuliko miji mingi, kwa kuwa wamehojiwa na watafiti wa afya miaka na miaka. Mweleze msemaji kwa lugha anayoifahamu kwamba sauti yake itaigwa, kwamba nakala ya kuigwa itawekwa wapi na itafutwa lini, na kwamba ana haki ya kujitoa. Sauti ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kusimamia mambo hayo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeufanya udanganyifu wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa jinai, kwa hiyo mkusanyo wa sauti bandia za majirani usioulinda waweza kukugeuza wewe kuwa msambazaji wa silaha.

Katika kugawa rekodi baina ya mafunzo na mtihani, usigawe kwa faili bali kwa mtu: msemaji aliyeingia katika mafunzo asionekane kabisa katika mtihani. Programu moja ya kuunda sauti iache nje ya mafunzo yote uje uipime nayo, maana tapeli hatakuarifu anatumia ipi. Katika duru ya ASVspoof ya 2019, mafunzo yalikuwa na njia 6 za kughushi na mtihani ulikuwa na 13, nyingi zikiwa ngeni kwa mashine. Kwa kompyuta dhaifu, vipimo vya LFCC na mtandao mdogo wa neva vyatosha kuanzia. Mwenye nguvu zaidi na achukue XLS-R, iliyotolewa na watafiti wa Meta mwaka 2021 baada ya kusikilizishwa saa 436,000 za usemi wa lugha 128, Kiswahili kikiwamo, aiache ilivyo, na aweke juu yake tabaka dogo la kuamua. Na kabla ya kumwonyesha mtu matokeo, fanya jaribio hili: ilishe mashine yako vimya tu vilivyokatwa kutoka kwenye rekodi, pasipo neno hata moja. Ikiendelea kupambanua vizuri, rudi mwanzo, kwa kuwa imejifunza usichoifundisha.

Matokeo hutangazwa kwa kiwango kimoja kinachopendwa, ambapo kizingiti huwekwa mahali ambapo makosa ya kumtuhumu asiye na hatia na ya kumwachilia mwenye hatia yanalingana. Tuseme ni asilimia 5, na jumbe 1,000 zimepita mkononi mwako, 20 kati yake zikiwa bandia. Mashine itazinasa 19. Lakini katika zile 980 za kweli itazituhumu 49. Basi mbele yako pana tuhuma 68, na 49 kati yake ni watu waliosema kwa vinywa vyao. Mtu anayesikia “makosa asilimia 5” hudhani kwamba kila akitajiwa uongo, ni uongo mara 95 katika 100. Hisabati inasema ni mara 28 hivi. Na kadiri bandia zinavyokuwa chache zaidi, ndivyo tuhuma za dhuluma zinavyozidi. Kwa hiyo mashine na ipewe kazi ya kusema “simama, uliza”, wala isipewe kazi ya kumwita mtu mwongo mbele ya kikundi, au mbele ya mwenyekiti wa mtaa, au hewani redioni. Mhazini anayezuia laki tatu mpaka asubuhi kwa sababu mashine imetia shaka hajamdhulumu mtu. Anayemfukuza mwanachama kwa sababu hiyo hiyo amemdhulumu.

Kwa muradi huo kizingiti chako kiweke chini kwa miamala, ili shaka itoke mapema, na kiweke juu kabisa kwa mambo ya heshima ya mtu, na katika hali zote mbili andika alama iliyotoka, usiandike hukumu. Mashine iliyofundishwa mavuno ya mwaka huu itakuwa imechakaa mavuno yajayo, kwa kuwa programu mpya zitakuwa zimetoka. Kila mwaka, kabla ya msimu wa kuuza, tafuta programu mbili ambazo mashine yako haijapata kuzisikia, unda kwazo sauti za wasemaji walioridhia, zipitishe katika simu na katika WhatsApp, ziweke kwanza upande wa mtihani, pima, andika matokeo pamoja na tarehe, na hapo tu ndipo uziruhusu kuingia katika mafunzo.